Mama Mkwe Kwenye Mapango ya Bombei

Mtu niliyemwogopa kuliko wote nilipofika Maskati alikuwa mama mkwe. Mume wangu alinileta pale mwaka mmoja na kitu baada ya mapinduzi ya Unguja, nikiwa bi harusi mwenye kanga chache na Kiarabu cha kubabaisha. Nyumba yao ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, na ukipanda darini ukaanika nguo, ngome mbili za Wareno zilikuwa juu ya kichwa chako, moja huku na moja huku, kama watu wawili wanaokusikiliza unasema nini.

Mama mkwe alikuwa mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka kama mwanzi. Aliwahi kukaa Unguja miaka michache wakati marehemu mumewe akifanya biashara ya karafuu, kwa hivyo Kiswahili alikijua. Lakini kwangu alikitumia kwa uchache, kama mtu aliyeazimwa sahani akaogopa kuivunja. "Chai imepoa." "Mlango huo." "Mwite mumeo." Siku nzima ingeweza kupita na nisipate kwake zaidi ya hayo.

Na Maskati ya wakati ule ilikuwa na swali moja ambalo kila mgeni wa kike aliuliza kabla hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa: wewe binti wa nani? Upande wa baba yangu nilikuwa najibu bila kumeza mate, kabila na ukoo mpaka babu wa saba. Upande wa mama nilikuwa nafika kwa bibi yangu halafu nakohoa. Bibi yangu alikuwa Mnyamwezi. Babu alimwoa kwa ndoa ya halali, naye akamzalia watoto sita, na bibi alipokufa mtaa mzima wa Malindi kule Unguja ulifunga maduka. Pale Maskati nikamfanya kikohozi. Kule tulikotoka tuliambiwa sisi ni Waarabu, tuondoke. Tulikofika tukaitwa Wazanjibari. Niliona afadhali ninyamaze.

Mama mkwe naye alipoulizwa kwao, alijibu kwa neno moja, kwamba watu wake walikuwa wa pwani na wote wamekufa. Hakuna aliyemchimba. Mumewe alikuwa mtu mwenye heshima yake, na heshima ya mume ni pazia.

Mwaka wa tatu wa kukaa kwangu pale, mtoto wa jicho alimfunga jicho la kulia, na la kushoto likaanza kuingia ukungu. Nikawa namwona anapapasa ukuta akienda msalani, na hataki kushikwa mkono. Mume wangu akamwambia, "Mama, daktari yupo hapo Matrah. Watu wanakwenda wanarudi wanaona."

"Bombei," akasema.

"Matrah ni karibu, Mama. Bombei ni bahari, ni ruhusa za serikali, ni gharama, ni—"

"Bombei."

Hakuwa mtu wa kuomba kitu. Kwa hivyo mume wangu akashughulikia ruhusa, na ruhusa ilichukua muda wake, na msimu wa baridi ulipoingia tukapanda mashua mpaka kwenye meli iliyotia nanga nje ya bandari. Mimi nilichukuliwa ili nimhudumie. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, akabaki na nyumba. Tulibeba papa mkavu wa Yiti, na tende za shamba letu la Ansab, na buli la kahawa, kama kwamba India hakuna chakula.

Nataka kusema kweli kuhusu Bombei: ilinitisha. Miaka mitatu nilikuwa nimeishi katika mji uliofunga milango yake jioni, ambako ukitoka nje usiku lazima ubebe taa yako mkononi. Sasa taa zilikuwa barabarani, zinawaka zenyewe, na magari yana ghorofa, na wanawake wanapita peke yao wameshika miavuli, hawageuki. Tulipanga vyumba viwili katika mtaa wa Waislamu, juu ya duka la muuza manukato ya attar. Mama mkwe akafanyiwa jicho lile bovu kabisa, akarudishwa na bendeji kubwa iliyofunika macho yote mawili.

Zile zilikuwa siku za kwanza kunihitaji. Nikimlisha wali kwa mkono wangu, tonge kwa tonge, na yeye anafumbua kinywa kama kifaranga. Asubuhi wachuuzi walipopita chini wakinadi samaki na mboga kwa lugha zao, alikuwa anageuza kichwa dirishani. Midomo yake ikichezacheza. Nilidhani anasoma uradi.

Bendeji ilipotolewa alipewa miwani mizito ambayo iliyafanya macho yake yawe makubwa kama ya bundi. Daktari akasema tungoje kidogo kabla ya safari. Kesho yake, mume wangu anakunywa chai, mama yake akamwambia, "Nataka kwenda kisiwani."

"Kisiwa gani?"

"Kile chenye mapango. Boti zinatoka pale kwenye lango kubwa la bandarini."

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Mama, kule ni hekalu la Mabaniani la zamani. Ni masanamu matupu. Sisi tunakwenda kufanya nini?"

"Kutazama. Umenipa macho, acha niyatumie."

Akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemtia maneno hayo. Nikainamisha kichwa. Mambo ya mapango tuliyasikia kwa jirani yetu wa Maskati, Baniani muuza vitambaa, ambaye mkewe alikuwa akituletea vitamu kila wakati wa sikukuu zao. Nilijiambia mama mkwe kayapata kwake.

Tukaenda. Boti ilikuwa na watu wengi wa India waliovaa vizuri, wamebeba vyakula na watoto, na mtembezaji mmoja wa makamo, mwenye kofia ya kitambaa, aliyekuwa akitafuta wageni wa kuwaonyesha mapango. Mume wangu alikijua Kihindi kama wafanyabiashara wote wa Maskati, wakakubaliana. Mama mkwe alikaa ubavuni, mkono juu ya mbao, miwani imeelekea mbele tu. Kisiwa kilipokaribia, kijani kibichi, chenye vilima na mikoko ufukweni, alisimama kabla ya watu wote. Tuliposhuka alivua viatu. Pale watu wazee hubebwa kwa kiti mabegani mpaka juu, na wabebaji walikuja mbio. Aliwapita kama hawapo, akapanda ngazi za mawe kwa miguu yake, buibui limeshikwa kwa mkono mmoja, nami nyuma natweta.

Sasa hilo pango lenyewe. Mimi nilifikiri nitaona shimo. Niliona jumba. Nguzo safu kwa safu, nene kuliko mnara wa msikiti wetu wa mtaa, na juu ya nguzo hakuna dari iliyojengwa: ni mlima. Mtembezaji akatueleza kwamba hakuna jiwe hata moja lililoletwa pale, hakuna lililowekwa juu ya jingine. Watu walianza nje na patasi, wakaondoa kisichotakiwa, wakaingia ndani kidogo kidogo, mpaka mlima ukawa nyumba. Nilitazama juu nikahisi uzito wote ule umesimama kwa hisani tu.

Halafu macho yakazoea kiza, na kutani wakatokea watu. Wakubwa mara tatu ya mwanadamu. Wengine wanaruka, wengine wanacheza, wengine wanaoana. Mmoja upande mmoja wa kifua mwanamume, upande wa pili mwanamke. Nikageuza uso kwa aibu, na nilikogeuka nikakutana na kile chumba cha mawe chenye milango minne, na kila mlango walinzi wawili warefu wananitazama. Nikaanza kusoma Kul-huwallahu kimoyomoyo, haraka haraka, maneno yanapandana. Mwanamke mmoja alipita mbele yangu na maua ya manjano kiganjani, akaingia mle ndani bila wasiwasi, kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Ukutani nyuma kabisa kuna kichwa chenye nyuso tatu. Sitakieleza sana. Kimefumba macho, kimetulia, na utulivu ule ndio ulionishtua, maana nilikuwa nimejitayarisha kwa shetani. Sanamu nyingine nyingi hazikuwa na miguu. Mikono imekatika viwikoni. Mume wangu akauliza nani kazivunja. Mtembezaji akasema inasimuliwa kwamba ni askari wa Kireno, walipokiteka kisiwa wakayapiga masanamu risasi wapate kulenga shabaha.

Mume wangu akanitafsiria. Mimi nikaona zile ngome mbili juu ya kamba yangu ya nguo. Watu walewale. Walifika Maskati, walifika Unguja, na walikuwa wamefika humu. Sikuwa na huruma na masanamu, sikulelewa hivyo, lakini nilisimama pale mbele ya goti lililobaki peke yake nikahisi baridi.

"Alikuwa mkubwa zaidi," akasema mama mkwe.

Alikuwa amesimama kando yangu, kichwa amekiinua mbele ya zile nyuso tatu. Aliyasema kwa Kiswahili, polepole.

"Nani, Bi Mkubwa?"

"Huyu. Nilidhani anafika mbinguni."

Sikuelewa. Nilidhani anasema jinsi alivyomfikiria kwa hadithi za jirani. Kabla sijauliza, alikuwa amegeuka anaondoka, si kwa njia tuliyoingilia bali kwa ubavuni, upande wa magharibi, anapita katikati ya nguzo bila kupapasa. Yeye, aliyekuwa akipapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Nikamfuata. Tukatokea kwenye ua wazi, na hapo kulikuwa na birika kubwa lililochongwa ndani ya jabali, lina maji meusi yaliyotulia. Mwanamke wa kijijini, sari kaipandisha magotini, alikuwa anachota kwa chungu. Mama mkwe akapiga magoti, akakunja mikono ya buibui, akachota kwa viganja akanywa. Akamwambia yule mwanamke neno.

Halikuwa Kiarabu. Halikuwa Kiswahili, wala kile Kihindi nilichozoea kukisikia kwa mume wangu. Yule mwanamke akacheka. Mama mkwe akasema tena, maneno matatu manne, yanakatika, yanatafutwa. Yule mwanamke akaacha kucheka, akaweka chungu chini.

Nilirudi mbio pangoni. "Njoo," nikamwambia mume wangu, "mama anasema lugha nisiyoijua."

Walipofika, yeye na mtembezaji, mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti, na yule mwanamke amechutama mbele yake, wanatazamana. Mtembezaji akasikiliza. Akavua kofia yake akaikunja.

"Bwana," akamwambia mume wangu kwa Kihindi, na mume wangu baadaye alinieleza neno kwa neno, "mama huyu anasema lugha yetu ya huku. Lakini anaisema kama mtoto mdogo. Anasema kwao ni hapa."

Mume wangu akacheka. "Mwambie amekosea. Huyu ni mama wa Kiarabu, wa Maskati."

Mtembezaji hakutafsiri. "Mimi ya Maskati siyajui, bwana. Nakwambia anayoyasema."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mume wangu alikuwa mwekundu wa jua, akawa rangi ya majivu. "Mama," akasema kwa Kiarabu, "simama. Umeumwa na jua."

Alisimama. Alimfuata yule mwanamke wa chungu kwenye kinjia cha kushuka, nasi hatukuwa na la kufanya ila kufuata. Kijiji kilikuwa nyumba chache za udongo na vigae, kuku, nyavu zimetandazwa. Yule mwanamke alimwita mtu ndani, akatoka kizee cha kike, hana meno, kashika mkongojo. Wakasemezana. Kizee akamkaribia mama mkwe mpaka pua karibu na pua, akamtazama ndani ya ile miwani mizito. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti kubwa, kwa namna ya mtu asiyesikia vizuri.

Mtembezaji alitafsiri akiwa ametazama chini. "Anasema watu wa nyumba ile iliyokuwa pale waliisha kwa tauni. Mama na wana. Baba akachukua kibinti kilichobaki akaenda nacho mjini kutafuta kazi, na huko wakafa wote wawili. Anasema yule mtoto alikufa. Walimlilia hapa."

Nilikuwa nimemshika mama mkwe mkono, mara ya kwanza kuniachia nje ya kitanda cha ugonjwa. Nilihisi umekaza. Halafu ukalegea. Akamwambia kile kizee maneno mawili.

"Amesema nini?" mume wangu akauliza.

"Amesema: kweli, alikufa."

Kizee akaingia ndani akatoka na kipande cha sukari guru na maji, kama inavyofanyiwa mgeni yeyote aliyepanda mlima. Mama mkwe akaila yote, akashukuru, tukashuka kwenye boti.

Njia nzima ya kurudi mume wangu alisimama mbele, katugeuzia mgongo. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke huyu miaka mitatu. Nilikuwa nakohoa mbele yake kila nilipotajiwa bibi yangu. Na yeye alikuwa amekaa pale akinisikiliza nikikohoa.

Baada ya sala ya magharibi, chumbani juu ya duka la attar, mume wangu akamgeukia mama yake. Alisema kwa Kiswahili, nafikiri ili wapangaji wa jirani wasielewe.

"Baba alijua?"

"Alijua. Nilimwambia kabla hajanioa."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Haya ni yako na yangu. Usimwambie mtu, hata watoto.' Nimemtii mpaka kafa, na baada ya kufa kwake nikamtii miaka kumi mingine. Sasa nna macho mapya na umri umekwisha. Nilitaka nione kabla."

"Ulinunuliwa?" Neno hilo lilimtoka kwa shida, na mimi niliposikia nilishtuka, nikatamani nitoke chumbani.

Mama mkwe akatengeneza miwani yake. "Hakuninunua mtu. Baba alianguka njiani, karibu na gati. Nilikaa naye mpaka nzi walipokuja. Palikuwa na nahodha wa Maskati na mkewe, wamepanga karibu. Yule mama akanipa wali. Nikaufuata wali. Nilikuwa mdogo, sijui nna miaka mingapi. Wakanipa jina, wakanifundisha Fatiha, wakanilea kama mtoto wao. Sina kinyongo na mtu."

"Kwa hivyo mimi ni nani?" Sauti ya mume wangu ilipanda. "Miaka yote hii nimekaa barazani na watu, wanataja mama zao na mama wa mama zao, na mimi natia kifua mbele. Mimi ni nani, Mama?"

"Wewe ni mwana wa babako. Na mwana wangu. Ulitaka nani mwingine?"

Akatoka akapiga mlango. Mama mkwe akabaki amekaa. Nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kimenikaa kooni tangu kijijini: kwa nini hakumwambia yule kizee, mimi ndimi yule mtoto, niko hai?

"Yule ni mke wa ami yangu," akasema. "Nimemjua kwa sauti. Alikuwa akinisuka nywele. N'ngemwambia nini? Kwao mtoto yule alikufa akiwa wao. Nikimfufua leo akiwa na buibui na tasbihi, kizee yule atabidi aamue mimi ni nani. Kazi hiyo imemshinda mwanangu mwenye nguvu zake. Itakuwaje mtu aliyebakiwa na siku mbili tatu?"

Kisha akanitajia jina lake la kwanza, lile alilopewa kule kisiwani. Lilikuwa dogo, la kubembelezea. Mimi sitaliandika.

Kwenye meli ya kurudi mume wangu alilala sitahani, hakula nasi. Maskati watu walikuja kumwona mama kwa macho yake mapya, na mke wa Baniani akaja na ladu zake, vile vitamu vyao, akauliza, je, mlifika mapangoni? Mama mkwe akajibu, "Tulifika. Maji yake matamu." Mume wangu akanyanyuka akaenda msikitini na adhana bado.

Yalidumu hivyo kwa miezi. Alimtunza mama yake, hakumpungukia kitu, lakini hakukaa naye. Alikuwa anambusu kichwa asubuhi kama anayelipa kodi ya forodha. Mimi na mama mkwe tukawa watu wengine. Siku moja tunachambua mchele akaniuliza, "Bibi yako wa Unyamwezi alikuwa akipika nini?" Mchele ulinimwagika. Sikujua kwamba habari za bibi yangu alizijua. Nikamwambia: ugali wa mtama, na mlenda, na uyoga mkavu aliokuwa akiletewa na watu wa bara. Akataka nimweleze mlenda. Nikamweleza. Akasema, "Kwetu kulikuwa na kitu kinachoteleza hivyo hivyo," akacheka, na mimi sikuwahi kumwona akicheka mpaka meno.

Kisha akaja mchumba wa wifi yangu. Alikuwa Mbaluchi wa Matrah, si Mwarabu, mpole, anasomesha watoto Kurani, na wifi yangu alikuwa amekwisha kumwona dirishani na kumpenda. Hilo tulilijua sisi wanawake. Posa ikaletwa. Mume wangu akaingia ndani kutushauri, kashika kikombe cha kahawa, akaanza kama wanavyoanza ndugu wote wa Maskati: "Dini yake nzuri, tabia yake nzuri. Lakini asili yake—"

Mama yake alikuwa mbele yake, anamtazama kwa macho yale makubwa. Wifi yangu, ambaye hakujua lolote, alikuwa anangoja kaka yake amalize sentensi.

"Mwambieni aje," mume wangu akasema. Akaenda akakaa chini karibu na mama yake, miguuni kabisa, mahali alipokuwa hajakaa tangu Bombei. Mama akamwekea mkono begani, akaanza kumpangia binti yake nguo za harusi.

Mama mkwe alikufa mwaka 1970, kabla ya nchi kupata sultani mpya na mambo kubadilika. Alikufa kwa homa ya siku chache, kalima ya shahada mdomoni, mkono wake katika wa mwanawe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwosha.

Siku ya mwisho ya matanga wanaume walijaa barazani, na sisi wanawake tulikuwa ndani, pazia tu katikati. Khitma ilipokaribia, mzee mmoja mwenye sauti nzito akamuuliza mume wangu, kwa heshima kabisa, marehemu ukoo wake upi, ili atajwe pamoja na wazee wake katika dua.

Nilijua atakavyojibu. Watu wa pwani, wamekufa wote. Jibu lilikuwa tayari, limetumika miaka hamsini.

"Mama yangu ni mtu wa India," akasema mume wangu. "Wa kisiwa cha Bombei, kile chenye mapango. Wazazi wake walikuwa Mabaniani maskini, walikufa kwa tauni. Yeye aliletwa hapa mdogo akasilimu. Ombeni kwa jina lake peke yake."

Pazia halikutikisika. Ndani, mwanamke aliyekuwa anamimina kahawa aliacha kumimina. Wifi yangu alinishika goti akanifinya mpaka nikaumia, na niliona machoni mwake kwamba ananiuliza kama kaka yake kapata wazimu. Nikatikisa kichwa: hapana, ni kweli. Alifunika uso kwa ushungi wake wote. Nje hakuna aliyekohoa. Niliona kama jumba lote limesimama kwa hisani, hakuna kinacholishikilia.

Kisha yule mzee akasema, "Allah amrehemu. Amina," na akaanza dua, na wengine wakaitikia, kwanza wachache, halafu wengi.

Wageni walipoondoka wanawake wawili watatu waliniaga bila kunitazama, na mmoja wao hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Shemeji yangu Mbaluchi alibaki kukunja mikeka. Mume wangu akaingia ndani, akavua kilemba, akakaa.

"Nimesema," akaniambia.

"Tumesikia."

"Dada analia?"

"Analia. Anataka umweleze mwenyewe."

Akaomba maji, akanywa, akaenda kukaa na dada yake.